Gazi ya Nyuma ya Soko

Mwantum alikuwa akipikia watu mtaani Buyenzi tangu mumewe afariki, na katika miaka yote hiyo hakuna fundi wa gereji aliyewahi kumuuliza chakula chake kimeivishwa na nini. Walikuja mchana, grisi imewapanda mpaka viwikoni, wakanawa kwenye ndoo ya mlangoni, wakakaa kwenye mabenchi ya kibanda chake na kula wali na maharage na ndagala za kukaanga, vile vidagaa vya ziwani, kisha wakarudi chini ya magari yao. Walimwita Mama Fadhila, kwa jina la binti yake wa pekee. Massoudi, mdogo wa marehemu, alikuwa na gereji mtaa wa pili, na kila mwenye gari aliyemngoja alielekezwa kwa shemeji yake akapate chochote. Waliishi kiwanja kimoja, kile alichokiacha baba mkwe: Massoudi na familia yake upande wa barabara, Mwantum na Fadhila katika vyumba viwili vya nyuma.

Kisha esansi, mafuta ya magari, ikapotea mjini. Magari yalilala kwenye foleni za vituo, na malori yaliyokuwa yakishusha makaa kutoka milimani yakaacha kushuka. Mwantum alichoma masanduku ya nyanya. Alichoma mbao za kitanda cha zamani. Siku moja alijaribu maranda yaliyoloa, na moshi ukamkaba hadi sufuria ya maharage ikamponyoka na kumwagika yote, mbele ya wateja waliokuwa wakingoja. Fadhila alimtoa nje akamkalisha kivulini, na mama akakohoa hadi machozi yakamtoka. Siku hiyo hakuna aliyekula, wala wao wawili.

Ni katika siku hizo shirika moja lilipochimba shimo nyuma ya soko, kando ya vyoo vya umma. Ndani ya shimo likajengwa tangi la matofali na saruji, la mviringo, likafunikwa na udongo. Uchafu wa vyoo ungeingia humo pamoja na maganda ya soko na samadi ya machinjioni, vyote vioze pasipo hewa na kutoa gazi ya kuwashia moto, nayo gazi ingepita kwenye bomba hadi jiko la pamoja lililojengwa hatua chache kutoka hapo, ili wapishi wa mtaa wapike bila makaa.

Wakazi waliitwa mkutanoni wakati tangi limekwisha kujengwa. Aliyeeleza alikuwa Divin, fundi wa shirika, mtu wa Gitega, mrefu, mwenye sauti ndogo isiyofika nyuma. Alieleza vizuri. Lakini Massoudi alisimama kabla hajamaliza.

“Mi nauliza kitu kimoja,” alisema. “Hii mumeishajenga. Sasa munatuita hapa tuseme nini? Tuseme asante?”

Watu wakapiga makofi.

“Na huko juu Kiriri, kwa matajiri, wao hawaendi choo? Juu ya nini mavi ya mji muzima ije kukaa Buyenzi?”

Watu wakacheka, ingawa nyuso zao hazikuwa na furaha. Mwanamke mmoja akauliza kama tangi litapasuka na kubomoa soko. Mzee mmoja akauliza kuhusu najisi: je, chungu kilichokaa juu ya moto wa namna ile kinafaa kuliwa na mtu anayeswali? Divin akaanza kumjibu, lakini shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, aliyekuwa ameketi mbele akipepea kofia yake, akainuka akasema jambo hili limekwisha kuamuliwa, hakuna haja ya kupoteza muda. Baada ya neno hilo watu waliacha kusikiliza.

Mwantum alibaki watu walipotawanyika. Alimwomba Divin amwonyeshe. Divin akafungua koki, akawasha kiberiti, na moto ukatoka wa buluu, mdogo, usio na moshi hata chembe. Mwantum aliinamisha uso karibu nao. Alikuwa anangojea harufu. Haikuja. Alivuta pumzi kwa hofu, kama mtu anayekanyaga ngazi asiyoiamini, na kifua chake kikatulia.

“Nianze lini?” aliuliza.

Wapishi wengine waliokuwa wamekubali wakajitoa mmoja mmoja. Mwantum akaanza peke yake.

Wiki ya kwanza ilikuwa nyepesi. Aliamka, akaenda kwenye jiko la pamoja akafungua koki, na chai ikawa tayari kabla wanaume hawajatoka msikitini. Hakukohoa. Alimwambia Fadhila kwamba alikuwa amesahau jinsi mtu anavyopika bila kulia. Lakini habari zilitembea. Fundi mmoja alipita mbele ya mlango bila kuingia. Wa pili akasema, “Mama Fadhila, leo mi nimeshiba,” na midomo yake imekauka kwa njaa. Sufuria ikawa inarudi nyumbani nusu, kisha inarudi karibu nzima. Akapunguza wali. Akapunguza tena. Mwisho alikuwa anapika chakula cha watu wawili na kukaa mlangoni kusalimia wapita njia, ambao walimjibu salamu yake wakiangalia upande mwingine.

Alikwenda kwa sheikh. Sheikh alimsikiliza kwa upole, akamwambia kwamba kitu kikigeuka kabisa kikawa kitu kingine, hukumu yake nayo hugeuka, na kwamba moto ni moto, apike, asiogope. Mwantum alifurahi kiasi kwamba kesho yake alimpelekea chai na sambusa za nyama, mbele ya watu, ili waone. Sheikh alitabasamu, akashukuru, akasema kwa bahati mbaya leo amefunga. Haikuwa siku ambayo watu hufunga. Watu waliona hilo pia.

Wakati huohuo Fadhila alikuwa ameposwa. Mchumba alikuwa Karimu, kijana mtulivu, mtoto wa Shaabani mwenye duka la vipuri. Fadhila alimpenda, na Mwantum alimshukuru Mungu, kwa sababu msichana asiye na baba huwa hapati posa ya nyumba kama ile. Shaabani alikuja na wazee wawili, wakakaa katika chumba cha Massoudi, na Massoudi, akiwa walii wa kumwozesha binti, ndiye aliyewapokea. Mwantum aliwaletea chai. Vikombe vilibaki vimejaa mpaka vikapoa.

“Mama Fadhila, utatusamehe,” alisema Shaabani. Hakuwa mtu wa ukali. “Mutoto wako tunamupenda. Lakini watu wanasema. Chakula cha harusi tutapika sisi, upande wetu. Na ile moto ya choo, tunaomba uiache kabisa. Muke wa mutoto wangu asisemwe kwamba mama yake analisha watu uchafu.”

“Sheikh alisema hakuna ubaya,” alijibu Mwantum.

“Sheikh alisema, ndiyo.” Shaabani akatazama kikombe chake. “Mi sigombani na sheikh.”

Walipoondoka, Fadhila alimfuata mama yake chumba cha nyuma. “Mama, acha. Mi nakuomba. Harusi ipite kwanza.”

“Na mpaka ipite tutakula nini? Nitawasha nini?”

“Baba mudogo amesema atatafuta makaa.”

Mwantum akaacha. Alifunga koki, akamrudishia Divin ufunguo wa jiko, akangojea makaa ya Massoudi. Massoudi alitafuta kweli, alizunguka hadi Zone Industrielle, kwenye viwanda, akauliza kwenye maghala, akapata fuko moja lenye vumbi tupu. Liliisha upesi. Mama na binti wakaanza kula mihogo mibichi iliyolowekwa. Siku Fadhila alipozimia akiwa amesimama kwa fundi cherehani anapimwa gauni, Mwantum alikwenda kwa Divin kudai ufunguo, akapika uji juu ya moto wa buluu, akamnywesha mtoto wake kijiko kwa kijiko. Alijua kwamba ameonekana. Wakati ule hakujali.

Siku mbili tatu baadaye ilinyesha mvua kubwa ya mchana, ile inayofanya maji ya barabara yaingie madukani, na kila mtu akajificha alipokuwa. Mvua ilipokwisha, moto wa jiko ulikuwa kama kawaida. Kesho yake ukawa mfupi. Kisha ukawa unaruka na kuzima. Divin alifunua mfuniko wa tangi, ule unaotumika kuingizia samadi, akachovya fimbo ndefu. Ilitoka nyeusi inang'aa. Aliinusa, kisha akaketi chini kwenye tope na suruali yake safi.

“Wamemimina mafuta ya vidanje,” alisema. “Yale machafu, ya injini. Mingi sana.”

“Si utayatoa?”

“Mama Fadhila, humo ndani muna vitu vyenye uhai. Vidogo, huwezi kuviona. Ndivyo vinavyokula ule uchafu na kutoa gazi. Vimekufa.” Alisema hivyo kama mtu anayetoa habari ya msiba.

Kisha harufu ikaja. Mpaka siku ile hapakuwa na harufu, hata wale waliosema ipo walikuwa wanasema tu. Sasa uchafu ulikuwa unaoza vibaya, unapanda na kumwagika kwenye mfereji, na upepo wa ziwa ulipovuma jioni uliubeba mtaa mzima. Wanawake walipita na mitandio puani. Wauza nyama wakahamisha meza zao. Watu walikusanyika mbele ya jiko la pamoja wakapiga kelele, na waliokuwa wakiutaka mradi kimoyomoyo wakageuka, kwa kuwa pua zao ziliwaambia kwamba wapinzani walisema kweli. “Si tulisema?” Neno hilo Mwantum alilisikia kila alipopita. Mtu alitupa ganda la ndizi, likampiga begani. Hakugeuka.

Massoudi alikuja chumbani kwake mchana mmoja, akakaa kwenye mkeka kama ndugu.

“Shemeji, sasa upumue,” alisema. “Ile kitu imekwisha. Shaabani ametuliza roho. Harusi iko.”

Mwantum alimtazama mikono. Mikono ya fundi huwa myeusi daima, haiwezi kumsaliti. Lakini namna alivyosema ilimfanya aulize. “Ni we?”

Massoudi hakuficha. “Siku ya mvua. Mi na mapipa yangu. Nimekuokoa. We ulikuwa unaona mutoto wa marehemu anakosa muume juu ya moto ya mavi, na unaendelea kupika?”

“Alikuwa anakufa na njaa, Massoudi. Mutoto wa marehemu.”

“Ungeniambia.”

“Nilikuambia! Ulileta vumbi!”

Alipandisha sauti, na majirani wakanyamaza kusikiliza, kwa hiyo akaishusha tena. Massoudi akasimama. Hakukasirika. Alisema kwa utulivu uliomtisha zaidi: “Ukitaka kunipeleka polisi, nenda. Lakini jua nani atashika mukono wa Karimu siku ya ndoa. Mutu aliyefungwa haozeshi mutoto. Na Shaabani hatangoja nitoke.”

Baada ya hapo akaenda zake kuswali alasiri.

Mwantum hakuweza kukaa wala kulala. Alitembea ndani ya chumba kile kidogo, ukuta hadi ukuta, akishika kichwa. Alifikiri kumwambia Fadhila, akaona uso wa Fadhila jinsi utakavyokuwa, akaacha. Siku iliyofuata watu wa shirika walimwita. Mkurugenzi wa shirika alikuwa amesimama kando ya tangi na kitambaa puani, na Divin pembeni yake, macho yamemwiva. Ilikuwa inasemekana kwamba Divin ndiye aliyekosea, kwamba hakulinda, kwamba huenda alichanganya vibaya na sasa anatafuta wa kumsingizia.

“Mama, wewe ndiye uliyekuwa hapa kila siku,” alisema mkurugenzi. “Ulimwona mtu?”

Divin alimtazama. Alikuwa kama mtu aliyetumbukia majini na kuona mkono.

“Apana,” alisema Mwantum. “Sikuona mutu.”

Ilikuwa kweli, maana hakuona. Aliambiwa. Lakini alipokuwa anarudi nyumbani aliketi kwenye tairi mbele ya gereji ya watu asiowajua, na mmoja wao akamuuliza kama anaumwa.

Divin akafukuzwa kazi wiki ileile.

Harusi ilifanyika. Fadhila alikuwa mzuri, alikuwa mwembamba lakini mzuri, na Massoudi aliushika mkono wa Karimu akasema maneno ya kuozesha bila kukosea hata moja. Pilau lilitoka kwa Shaabani, limepikwa kwa kuni. Wanawake walimweka Mwantum kwenye kiti cha heshima, wakamletea sahani yenye nyama nzuri. Miaka yote alikuwa amepanga jinsi atakavyompikia mtoto wake siku hiyo, mchele gani, viungo gani, nani atamsaidia kukata vitunguu. Sasa alikaa mikono mapajani kama mgeni. Mtu alimuuliza mbona hali. Akala.

Walipomwondoa bi harusi, Mwantum hakungoja siku zaidi. Asubuhi alikwenda kwenye kituo cha mabasi ya bara. Alikuwa amesikia kwamba Divin yuko hapo bado, kwa kuwa mabasi ya Gitega yalikosa mafuta na wasafiri walikuwa wanalala juu ya mizigo yao. Alimkuta ameegemea ukuta na begi lake, ndevu zimeota.

Akasimama mbele yake, akamwambia yote, jina la shemeji yake pia, palepale kwenye kelele za watu.

Divin alimsikiliza mpaka mwisho. “Ulijua lini?”

“Kabla ya harusi.”

“Na siku ile walipokuuliza?”

“Nilikuwa najua.”

Akafumba macho. Mwantum alingojea amtukane. Alikuwa amekuja tayari kwa hilo, pengine alilihitaji. Divin akafungua macho akasema, “Twende ukawaambie wao, basi.”

Walikwenda kwa miguu. Mkurugenzi aliwapokea amesimama, simu mkononi. Alisikiliza, akapumua kwa nguvu, akasema anasikitika sana. Lakini wafadhili walikwisha kuamua kupeleka pesa mahali pengine, kwa watu wanaotaka. Nafasi ya Divin ilikwisha kufungwa. Kumshitaki fundi wa gereji kungewasha mtaa mzima, na shefu wa kartie mwenyewe alikuwa ameomba shimo lifukiwe. “Mama, ungesema siku ile,” alimalizia. “Siku ile ingesaidia.”

Nje ya ofisi Divin alimpa mkono. Alisema atajaribu tena kule kwao, labda. Hakusema amemsamehe, na Mwantum hakumwomba.

Habari zilimfikia Massoudi kabla Mwantum hajafika nyumbani. Alimkuta amesimama mlangoni mwa vyumba vya nyuma. Vitu vya Mwantum vilikuwa vimetolewa nje: masufuria, mikeka, sanduku la nguo. Massoudi alikuwa analia. Hilo ndilo Mwantum hakulitarajia, mtu mzima vile, anafuta machozi kwa mkono wenye grisi.

“Mi niliozesha mutoto wako,” alisema. “Nikamushika mukono. Na we unakwenda kunitaja kwa watu wasiotujua.”

“Wamemufukuza mutu asiye na kosa.”

“Na mi? Na watoto wangu? Toka, shemeji. Tafadhali. Nisije nikafanya kitu.”

Alitoka. Alipata chumba upande wa Gatumba, karibu na mpaka, kwenye nyumba ambayo alama ya mafuriko ilikuwa bado inaonekana ukutani, juu kuliko kichwa chake. Kodi ilikuwa ya chini kwa sababu hiyo. Alianza kuwauzia mihogo ya kuchemsha wanawake wanaovuka mpaka kwenda Uvira na bidhaa vichwani, na alipikia makaa yaliyoloa, alipoyapata, na majani makavu alipoyakosa. Kikohozi kilirudi. Kilirudi na damu kidogo, ambayo hakumwambia mtu.

Nyuma ya soko walifukia tangi kwa vifusi. Harufu iliendelea muda mrefu kisha ikaisha, na vyoo vikawa vinafurika kama vilivyokuwa vikifurika zamani. Wapishi wa Buyenzi walipigania makaa kila lori liliposhuka. Hakuna aliyezungumza tena habari ya gazi, ila kwa kicheko.

Fadhila alikuja Gatumba mara moja, tumbo limeanza kuonekana chini ya kitenge. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Waliongea habari za Karimu, ambaye ni mume mwema, na za mama mkwe, ambaye hamsemi vibaya waziwazi. Kisha Fadhila akashindwa kujizuia.

“Mama, juu ya nini hukunyamaza tu? Harusi ilikuwa imepita. Hakuna aliyekuwa anakuuliza. Sasa nyumba yote haisemezani, na kwa Shaabani wananiuliza mama yangu ni mutu wa namna gani.”

“Nilinyamaza,” alisema Mwantum. “Nilinyamaza mpaka ukaolewa. Sikuweza zaidi ya hapo.”

Fadhila alilia, akajifuta, akasema lazima arudi kabla jua halijazama, usafiri ni wa shida. Mama alimsindikiza hadi barabarani. Walingoja pamoja, na gari lilipopatikana Fadhila alipanda kwa shida, mkono mgongoni, akasema atakuja tena baada ya Ramadhani.

Ramadhani imepita. Mwantum ameambiwa kwamba mtoto amezaliwa, ni wa kike, na kwamba wote wawili ni wazima. Aliyemwambia ni mwanamke mmoja mteja wake, aliyepita Buyenzi kununua kipuri cha baiskeli na kusikia watu wakisema. Mwanamke huyo alinunua mihogo yake, akamtakia kheri, akavuka mpaka.